Je viendrai au je vais venir? Kuunda na kutumia wakati ujao wa Kifaransa

Wanafunzi wengi wa Kifaransa hufika kwenye wakati ujao wakiwa wamechoka. Wameshapambana na passé composé, wakati uliopita wenye visaidizi viwili, wameshakariri imparfait, ule wa mambo yaliyokuwa yakiendelea, na sasa wanawekewa jedwali jingine mbele yao. Kumbe jedwali hili ni jepesi kuliko karibu yote yaliyotangulia. Kazi ya wakati ujao haiko kwenye kuunda, iko kwenye kuchagua: lini useme "je viendrai", lini "je vais venir" (zote "nitakuja"), na lini uuache wakati ujao kabisa hata kama jambo lenyewe ni la kesho. Na katika kuchagua huko, msemaji wa Kiswahili ana nafuu ambayo vitabu vingi havimwambii, kwa kuwa vimeandikwa kwa ajili ya watu wanaotoka kwenye Kiingereza. Mahali kadhaa ambapo hao hujikwaa, sarufi ya Kifaransa na ya Kiswahili zinakwenda njia moja.

Tuanze na umbo lenyewe, yaani futur simple. Chukua kitenzi kama kilivyo kwenye kamusi, ukiongezee mmoja kati ya miisho hii sita: -ai, -as, -a, -ons, -ez, -ont. Parler inatoa je parlerai, tu parleras, il parlera, nous parlerons, vous parlerez, ils parleront. Finir inatoa je finirai, tu finiras, na kuendelea. Vitenzi vinavyoishia na -re hudondosha e ya mwisho kwanza: attendre, j'attendrai, prendre, je prendrai, dire, je dirai. Kanuni ni hiyo tu. Miisho haibadiliki kwa kitenzi chochote, hata kile kikaidi kuliko vyote, na mbele ya mwisho daima kuna r. Hakuna kitenzi cha Kifaransa ambacho wakati wake ujao umeikosa r hiyo. Ukisikiliza mazungumzo ya haraka, itege kwa sikio, maana e inayoitangulia mara nyingi humezwa: "je donnerai" husikika kama "donrai", na "tu seras" hubaki "tu sras".

Miisho hiyo ilitoka wapi? Iweke kando ya kitenzi avoir: j'ai, tu as, il a, nous avons, vous avez, ils ont. Ni ileile, ila av- ya avons na avez imedondoka. Kilatini cha vitabuni kilikuwa na wakati ujao wake, cantabo, "nitaimba". Lakini matamshi ya b na v yalipokaribiana, cantabit, "ataimba", na cantavit, "aliimba", zikawa vigumu kutenganishwa. Watu wakaegemea usemi mwingine, cantare habeo, ambao asili yake ni "nina la kuimba", "napaswa kuimba". Karne kwa karne habeo ikafupika hadi ikagandamana na kitenzi kilichoitangulia. Katika Viapo vya Strasbourg vya mwaka 842, vinavyohesabiwa kuwa maandishi ya kwanza ya lugha iliyokuja kuwa Kifaransa, muungano umeshakamilika: anayeapa anasema "salvarai", nitamsaidia.

Kiswahili kilipita njia ya jinsi hiyo. Kiambishi -ta- cha "nitaimba" kimetokana na kitenzi taka, na umbo lake kamili bado limo ndani ya "nitakapoimba" na "atakayeimba". Wenzetu walichukua kitenzi cha kuwa na kitu, sisi tukachukua cha kutaka. Umbo hilo la -taka- tutalihitaji tena baadaye kidogo.

Mashina yanayobadilika

Vitenzi vikaidi vya wakati ujao havibadilishi miisho, vinabadilisha shina tu, na ukishalijua shina la nafsi moja umezijua nafsi zote sita. Kwa hiyo mzigo wa kukariri ni mdogo. Être ni ser-, avoir ni aur-, aller ni ir-, faire ni fer-, savoir ni saur-, devoir ni devr-, recevoir ni recevr-. Mengine yana mantiki ambayo ukiielewa hutahitaji kuyakariri moja moja.

Angalia venir, tenir, vouloir, valoir na falloir: je viendrai, je tiendrai, je voudrai, je vaudrai, il faudra. Zote zina d ambayo haikuwamo kwenye kitenzi. Irabu iliyokuwa mbele ya r ilipodondoka, n au l ikajikuta imebanwa na r. Jaribu kutamka "nr" au "lr" kwa kasi: ulimi unapotoka kwenye n kwenda kwenye r huacha kimlio cha d katikati. Waandishi wa zamani waliandika walichokisikia. Baadaye ile l nayo ikageuka u, ndiyo maana tuna voudrai. Kwa hiyo d hiyo hujitokeza kila mara n au l inapokutana na r kwa njia hii, na vitenzi vilivyozaliwa na hivyo (devenir, revenir, obtenir, maintenir) vinafuata bila kuuliza.

Kundi la pili ni la r mbili: je verrai, je pourrai, je courrai, je mourrai, j'enverrai, j'acquerrai. Katika pouvoir na voir palikuwa na konsonanti mbele ya r, ikamezwa nayo, zikabaki r mbili. Katika courir na mourir irabu iliyokuwa katikati imetoka na r mbili zikagusana. Hapa makosa ya kuandika ni mengi sana, hata kwa Wafaransa wenyewe, na sikio halisaidii kila mara. Lakini kuna tofauti moja yenye uzito: nous courons ni "tunakimbia", nous courrons ni "tutakimbia". R moja imebeba wakati wote ujao. Kuwa mwangalifu pia na watoto wa voir, kwani si wote wanaomfuata mzazi. Revoir inatoa je reverrai, lakini prévoir inatoa je prévoirai na pourvoir inatoa je pourvoirai.

Vitenzi vya -er vina mtego wa kimya. Étudier, crier, louer na continuer zina e isiyosikika, na e hiyo lazima iandikwe: j'étudierai, je crierai, je louerai, je continuerai. Kinyume chake, conclure si kitenzi cha -er, hivyo ni je conclurai bila e. Ukiwa na shaka, rudi kwenye kamusi uangalie kitenzi kinaishia na nini. Kuna pia vitenzi vinavyobadili irabu ili e isizimike: acheter, j'achèterai; appeler, j'appellerai; jeter, je jetterai. Céder na préférer zina tahajia mbili, kwa kuwa marekebisho ya mwaka 1990 yaliruhusu je cèderai na je préfèrerai kando ya je céderai na je préférerai za zamani. Zote ni sahihi. Chagua moja uishikilie katika andiko lako lote.

Na jambo dogo kuhusu aller: neno y, ambalo kwa kawaida hutangulia kitenzi hicho ("j'y vais"), hutoweka mbele ya shina ir-. Mtu akikuuliza utakwenda huko, jibu "j'irai demain". Hakuna "j'y irai", maana i mbili zikifuatana humsumbua Mfaransa.

Je viendrai, je vais venir, je viens

Vitabu vingi husema kwamba futur proche, yaani aller katika wakati uliopo pamoja na kitenzi kingine, ni ya mambo ya karibu, na futur simple ni ya mambo ya mbali. Kanuni hiyo inapotosha, na natamani iondolewe madarasani. Mtu husema "je reviendrai dans une minute", nitarudi baada ya dakika moja, kwa futur simple, na jambo liko karibu mno. Mwingine husema "dans cinquante ans, la mer va monter", bahari itapanda, na ni nusu karne mbele. Kalenda haiamui.

Kinachoamua ni kama jambo lina mizizi katika wakati huu tulionao. Ukitumia aller, unamwambia msikilizaji kwamba mambo yameshaanza kuelekea huko: uamuzi umefanywa, dalili zinaonekana, mwendo umeanza. Ukitumia futur simple, unalitenga jambo na sasa, unaliweka upande ule mwingine kama ahadi, utabiri au mpango. Mfano wa "elle va avoir un enfant" na "elle aura un enfant" unaonyesha hili kuliko maelezo yoyote. Wa kwanza unaeleweka mara moja kuwa mwanamke huyo ni mjamzito. Wa pili unasema kwamba siku moja atapata mtoto, na huenda mimba yenyewe haipo. Mtoto akipanda ukingoni, mzazi hupaza sauti "attention, tu vas tomber!" Akisema "tu tomberas", inageuka kuwa kauli ya mtabiri, na mtoto atakuwa ameshaanguka.

Wazungumzaji huzichanganya kwa utaratibu mzuri. Mara nyingi aller hufungua jambo, futur simple ikaendelea na undani wake: "On va partir en juillet. On prendra le train, on dormira chez ma sœur, et on rentrera le dimanche." Sentensi ya kwanza inatangaza uamuzi uliopo, zinazofuata zinaeleza yatakayokuwa. Ukiandika hivyo, Kifaransa chako kitatembea chenyewe.

Ukanushaji nao una mvuto wake. "Je ne vais pas venir" ni sahihi, lakini "je ne viendrai pas" hupendelewa mara nyingi, hata katika mazungumzo ya kawaida. Katika Kifaransa cha Québec mgawanyo huu ni mkali: aller imechukua karibu sentensi zote za kukubali, na futur simple inaishi zaidi katika kukanusha.

Kisha kuna wakati uliopo wenyewe. "Je pars demain", naondoka kesho. Neno la wakati likiwepo na jambo likiwa limepangwa, Kifaransa hakidai zaidi, sawasawa na Kiswahili.

Baada ya quand, na baada ya si

Hapa ndipo nafuu yetu ilipo. Mwanafunzi aliyejifunza Kifaransa kwa kupitia Kiingereza ataandika "quand j'arrive, je t'appellerai", kwa sababu Kiingereza hutumia wakati uliopo baada ya neno la "wakati gani". Kifaransa kinakataa. Kama tukio bado halijatokea, pande zote mbili za sentensi zinaingia wakati ujao: "quand j'arriverai, je t'appellerai". Sasa isikilize kwa Kiswahili: nitakapofika, nitakupigia. Pande zote mbili zina wakati ujao, na -taka- ile kongwe imekaa palepale Kifaransa kinapoiweka miisho yake. Kanuni hiyohiyo inashika lorsque (wakati), dès que na aussitôt que (mara tu) na tant que (maadamu), na inashika virejeshi pia. "Celui qui arrivera le premier" ni "atakayefika wa kwanza", na "faites comme vous voudrez" ni "fanyeni mtakavyotaka". Ukiona -taka- inakuja akilini mwako, weka futur. Ni kipimo kizuri kuliko chochote nilichowahi kukutana nacho vitabuni.

Si, yaani "ikiwa", inakwenda kinyume. Baada yake futur haingii: "si tu viens, je te montrerai la maison". Kiswahili safi kinaafiki tena: ukija, nitakuonyesha nyumba. Kiambishi -ki- hakina -ta- ndani yake. Hatari inatoka kwenye ule usemi wetu mwingine, "kama utakuja", ambao unamsukuma mtu kuandika "si tu viendras". Basi kabla ya kuandika sentensi ya sharti, igeuze kwanza kuwa ya -ki-. Watoto wa shule Ufaransa wana msemo wao, "les si n'aiment pas les -rais", si hazipendi -rais. Ulitungwa kwa ajili ya hali ya masharti (je viendrais, ningekuja), lakini unauzuia wakati ujao pia.

Usiichanganye si hiyo na ile ya kuuliza. "Je ne sais pas s'il viendra" ni sahihi kabisa, kwa kuwa si hapa haitoi sharti, inabeba swali: sijui kama atakuja. Hapo hata Kiswahili hakikubali -ki-, na kutokubali huko ndiko kutakakokuonyesha si ipi unayo mkononi.

Matumaini nayo yanafuata. "J'espère qu'elle réussira", natumaini atafaulu; "je veux qu'elle réussisse", nataka afaulu. Kwa kutumaini, lugha zote mbili zinaweka wakati ujao. Kwa kutaka, zote mbili zinahamia kwenye hali tegemezi, ambayo kwetu ni -e ya mwisho inapokuwepo (aje, aone). Waitaliano na Wahispania, ingawa lugha zao ni ndugu wa damu wa Kifaransa, huiweka hali tegemezi baada ya kutumaini, na wakijifunza Kifaransa hulazimika kujirekebisha. Sisi hatuhitaji.

Atakuwa amesahau

Futur antérieur huundwa na avoir au être katika wakati ujao pamoja na participe passé, yaani umbo la kitenzi linalofuata kisaidizi kwenye passé composé: j'aurai fini, je serai parti. Kazi yake ya kwanza ni kuonyesha lililokamilika kabla ya jingine lijalo: "quand j'aurai fini, je sortirai", nitakapokuwa nimemaliza, nitatoka. Kigeuze neno kwa neno utaona kwamba hata mpangilio wa visaidizi unafanana.

Kazi yake ya pili ndiyo inayowashangaza wengi, kwani haihusu wakati ujao hata kidogo. Rafiki hajafika na saa imepita. Mfaransa anasema "il aura oublié". Jambo limeshatokea, au halikutokea. Kinachosubiri wakati ujao ni uthibitisho tu. Msemaji wa Kiswahili hahitaji ufafanuzi mrefu, anasema "atakuwa amesahau" kila siku. Futur simple nayo iliweza kukisia hivyo: mlango ukigongwa, "ce sera le voisin", atakuwa jirani. Lakini leo matumizi hayo yamebaki kwa être na avoir karibu peke yake, na yana harufu ya kizamani. Wengi husema "ça doit être le voisin". Tumia "il aura oublié" bila hofu, na "ce sera le voisin" kwa kiasi.

Matumizi mengine nayapitia kwa haraka. Futur huamuru, katika sheria, maagizo na Amri Kumi: "tu ne tueras point", usiue. Hulainisha ombi: "je vous demanderai de patienter", nitawaomba msubiri. Na wanahistoria huitumia kwa mambo yaliyokwisha, wakisimama ndani ya tukio na kutazama mbele: "Victor Hugo naît en 1802, il mourra en 1885."

Pale Kiswahili kinapotudanganya

Nimesifu sana msaada wa Kiswahili, kwa hiyo ni haki niseme unapokoma. Kiswahili husema "anasema atakuja" na "alisema atakuja" bila kugusa -ta-. Kifaransa hakifanyi hivyo. "Il dit qu'il viendra", lakini "il a dit qu'il viendrait". Kitenzi kikuu kikirudi nyuma, wakati ujao uliotajwa ndani yake unarudi nacho na kuvaa umbo la masharti: shina lilelile la futur, viendr-, parler-, ser-, likifuatwa na miisho ya imparfait, -ais, -ais, -ait, -ions, -iez, -aient. Kama jambo bado liko mbele hata sasa hivi tunapozungumza, futur inavumilika: "il a annoncé hier qu'il partira demain". Katika insha au mtihani, partirait ndiyo salama. Hii ni sehemu moja ambapo unapaswa kujizuia kutafsiri kutoka kichwani.

Kutokana na shina hilo la pamoja, nafsi ya kwanza huleta balaa la herufi moja. Je viendrai ni wakati ujao, je viendrais ni masharti. Zamani zilitamkwa tofauti, -ai ikiwa na e iliyofungwa na -ais ikiwa na e iliyofunguka, na baadhi ya watu bado wanazitofautisha. Wengi hawazitofautishi tena, kwa hiyo sikio halitakuokoa. Badilisha nafsi: weka nous mahali pa je. Ikija "nous viendrons", andika viendrai. Ikija "nous viendrions", andika viendrais.

Herufi hiyo inahitaji uangalifu zaidi kwenye barua za kuomba kazi au nafasi ya masomo, ambako hukutana nayo karibu kila siku. "Je serai ravi de vous rencontrer" inachukulia kwamba mkutano umeshakubaliwa na kinachosubiriwa ni siku yake tu. "Je serais ravi de vous rencontrer" inamwachia anayeipokea barua uamuzi wa kukuita au kutokuita. Ukiwa bado hujaitwa, andika s.